Gari imefutwa kodi, vipimo havijakamilika, na mteja anarudi Jumamosi

Ndugu mmoja wa Kireka ameniandikia, nafupisha kidogo: "Fundi shikamoo. Nauza RAV4 yangu ya 2008. Wiki iliyopita taa ya injini iliwaka, fundi wangu wa Ndeeba akapima akakuta kodi (namba ya ubovu inayohifadhiwa na kompyuta ya injini) P0136, akabadilisha sensa ya oksijeni ya nyuma, halafu Alhamisi akachomoa waya wa betri usiku mzima na asubuhi taa ikawa imezimika. Jumamosi mteja akaja na fundi wake na mashine ya kusoma kodi. Hakukuwa na kodi hata moja, lakini yule fundi akasema vipimo vitatu ni inkompliti, yaani katalisti (kile kisafisha moshi kwenye egzosti), sensa ya oksijeni na EVAP, akamwambia mteja 'huyu amefuta kodi, usilipe'. Mteja amesema atarudi Jumamosi hii saa 4 akikuta vimekamilika. Gari ni nzima kabisa. Nifanyeje, na mbona havimaliziki vyenyewe?"

Marahaba ndugu yangu. Kwanza usimchukie yule fundi wa mteja, jamaa anajua kazi yake na mimi ningefanya vilevile, manake hapa Kampala nimeona magari mangapi sijui yanafutwa kodi geti la gareji likiwa bado wazi, mnunuzi anafika anakuta dashibodi safi kama ya gari mpya, anahesabu pesa, anafika Mukono taa inawaka. Na hiyo mashine haimwambii tu kwamba vipimo havijaisha, kuna sehemu inaandika gari imetembea kilomita ngapi tangu kodi zifutwe na injini imepata moto mara ngapi tangu hapo. Yako bila shaka iliandika kilomita 10 au 15 hivi. Sasa mtu akiona gari ya 2008 ina kilomita 15 tangu ifutwe, na wewe umesimama pembeni unasema haijawahi kusumbua, atafikiria nini?

Na nikisema kodi simaanishi zile za URA, mamlaka ya mapato, hizo hazifutiki kwa kuchomoa betri.

Sasa hivi vipimo ni nini. Kompyuta ya injini haina mtu wa kuiambia kama katalisti inafanya kazi, kwa hiyo inajipima yenyewe ukiwa unaendesha. Kuna vipimo inavyovifanya muda wote, kama kuangalia silinda inayokosa moto na mchanganyiko wa petroli na hewa, hivyo huwa havina shida. Halafu kuna vile vinavyosubiri hali fulani ipatikane ndo vianze: katalisti, sensa za oksijeni, hita za hizo sensa, EGR inayorudisha moshi kidogo kwenye injini, na EVAP ambayo ni mfumo wa kuzuia mvuke wa petroli usitoke kwenye tenki kwenda hewani. Ukichomoa betri au ukifuta kodi kwa mashine, matokeo yote ya hivyo vipimo yanafutika pamoja na kodi, hakuna namna ya kufuta kodi ukaacha matokeo. Na imefanywa hivyo makusudi. Kule Marekani, ambako kila gari ndogo kuanzia modeli ya 1996 lazima iwe na huu mfumo, watu walikuwa wanafuta taa wakiwa kwenye foleni ya inspeksheni, ndo maana mkaguzi anaangalia kwanza kama vipimo vimekamilika. Majimbo mengi yanafuata mwongozo wa serikali yao kuu, kwamba gari ya petroli ya 1996 mpaka 2000 inaruhusiwa vipimo 2 ambavyo havijaisha, kuanzia 2001 inaruhusiwa 1 tu. California ni wakali zaidi, gari ya petroli ya 2000 kuja huku inaruhusiwa EVAP peke yake. Kwa hiyo gari yako na vipimo vitatu ingerudishwa nyumbani hata kama haina kodi. Mteja wako amekufanyia inspeksheni ya Kimarekani hapo Kireka, hongera zake.

Ukiona mahali pameandikwa N/A hiyo ni kitu kingine, maana yake gari yako haina hicho kipimo kabisa, usihangaike nacho. Magari mengi tunayoagiza Japani yana N/A mbili tatu na hakuna ubaya.

Umeuliza mbona havimaliziki vyenyewe. Vingemalizika, ila si kwa uendeshaji wa Kireka hadi mjini na kurudi. Jamu ya Jinja Road, unatoka saa 1 asubuhi, unasonga mita 50 unasimama, gia ya kwanza, gia ya pili, boda wanakupita kulia na kushoto, unafika kazini injini imepata moto lakini gari haijawahi kwenda mwendo mmoja dakika hata 2. Katalisti haipimwi hivyo. Inataka iwe imepata moto sawasawa, mamia ya nyuzi, halafu gari itulie kwenye mwendo mmoja ili kompyuta ilinganishe sensa ya mbele na ya nyuma. Unaweza kuendesha miezi 2 kwenye jamu na kipimo kisianze.

Halafu vipimo vinasubiriana. Hita ya sensa kwanza, manake sensa baridi haisomi kitu, halafu sensa yenyewe, halafu katalisti, kwa sababu hiyo sensa ya nyuma ndo inayoipima katalisti. Na hapa nikwambie kitu ambacho fundi wako wa Ndeeba pengine hakukuambia: wakati sensa ya nyuma ilikuwa mbovu, kompyuta ilikuwa imesimamisha kipimo cha katalisti, haiwezi kupima kwa rula iliyovunjika. Sasa umeweka rula mpya. Kama katalisti ilikuwa imechoka miaka 2, wiki hii ndo itajulikana, na kodi itakayokuja ni P0420, ya katalisti iliyochoka. Sikutishi, nakuandaa tu. Kama kuna gareji huko nyuma iliwahi kuikata katalisti ikaiuza (zina platinamu, paladiamu na rodiamu ndani, ndo maana zinaibiwa) basi ni bora ujue leo kabla ya mteja, ingia chini ya gari uangalie kama lile tumbo lipo au kuna bomba tupu limechomelewa.

Kabla hujawasha gari kwenda popote, kuna mambo 2 ambayo kwa Uganda ndo yanaua vipimo kuliko kitu kingine chochote.

La kwanza ni themostati. Banange, hili suala la themostati linaniumiza roho. Gari ikichemsha mara moja tu, fundi anatoa themostati anaitupa, anasema huku kwetu ni joto hatuihitaji, na gari kweli inaacha kuchemsha mwenyewe unafurahi. Lakini themostati kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake na kuiweka hapo. Bila hiyo, mjini kwenye jamu utaona joto linapanda kawaida kwa sababu hakuna upepo, ukiingia barabara ya wazi ukakimbia 80 rejeta inapoza maji yote, joto linashuka mpaka 65 au chini ya hapo, na kompyuta inaona injini haijapata moto, inaghairi vipimo. Yaani pale mwendo unapokuwa mzuri ndo joto linakuwa baya, na joto likiwa zuri mwendo ni mbaya, havikutani maisha yote. Nilikuwa na Noah moja ya mteja, tuliizungusha siku 4 tunachoma petroli bure, siku ya 5 ndo nikafungua kile kikombe cha themostati nikakuta ndani hakuna kitu, hewa tupu, na mimi ndo fundi niliyepaswa kuangalia hilo siku ya kwanza. Kwa hiyo tafuta ile mashine ndogo ya bluetooth, ELM327, zipo Kisekka na madukani mjini, unaweka kwenye soketi chini ya usukani, unasoma kwa simu kwa programu kama Torque. Angalia joto la maji. Baada ya dakika 10 za kuendesha iwe imepita nyuzi 80, na ukiwa kwenye kilomita 80 kwa saa ibaki kati ya nyuzi 80 na 95 bila kuanguka. Ikianguka, nunua themostati kwanza, usinunue petroli. Kama mashine haiwaki kabisa kwenye soketi angalia fyuzi ya kiberiti cha sigara, magari mengi zinashirikiana.

La pili ni tenki. Sisi tunaweka mafuta ya elfu 20, taa ya mafuta inawaka kuanzia Januari mpaka Desemba, dereva ameizoea kama mapambo. EVAP haipimwi tenki ikiwa karibu tupu wala ikiwa imejaa pomoni, magari mengi yanataka kati ya asilimia 15 na 85, mimi nasema weka nusu, na uiache izunguke kati ya robo na robo tatu wiki nzima. Kifuniko cha tenki kaza mpaka kilie ka ka ka, na uangalie ile raba yake, ikiwa imepasuka EVAP itafeli na utaanza kutafuta ubovu mahali pengine wakati ni kifuniko. Usijaze petroli injini ikiwa inanguruma, na usiongeze katikati ya safari ya kupima.

Sasa safari yenyewe. Wewe wa Kireka una bahati, Bweyogerere iko hapo mlangoni na Northern Bypass inaanzia hapo. Gari ilale nje usiku kucha, masaa 8 au zaidi, usiiguse, usiwashe hata redio. Vipimo kadhaa vinataka injini iwe baridi kweli, joto la maji likaribiane na joto la hewa, na asubuhi ya Kampala ni nzuri sana kwa hilo, wala urefu wetu kutoka baharini, kama mita 1,200, hauna shida, magari mengi yanaghairi EVAP kuanzia mita 2,400 hivi. Amka saa 11 alfajiri. Washa, AC imezimwa, taa ndogo tu, acha inguruma bila kukanyaga kitu dakika 8 mpaka 10. Najua majirani watalalamika. Hiyo ni ya hita za sensa, Toyota nyingi zinataka zaidi ya sekunde 500 za kunguruma halafu mwendo kidogo wa 40 kwa dakika 2 au zaidi.

Toka taratibu, ingia bypass, usikanyage kwa hasira, panda polepole mpaka 60. Saa hiyo bypass iko wazi, ukichelewa mpaka saa 1 umekwisha, utakuta malori na mataksi na utakuwa umerudi kwenye jamu ileile. Nenda mpaka Busega, pita kwenye Entebbe Expressway, weka elfu 5 ya tol tayari. Hapo ndo darasa lako: shika 80 mpaka 90, mguu usitikisike, dakika 10 mpaka 15 bila kupandisha wala kushusha, kama gari yako ina kruzi, ile ya kushika mwendo yenyewe, tumia. Usishindane na mtu. Kuna kijana atakupita na Subaru inalia kama inataka kupasuka, mwache aende, wewe uko kwenye mtihani. Dakika hizo ndo zinamaliza sensa ya mbele na kuanza katalisti.

Kisha, na hapa angalia kioo cha nyuma kwanza uhakikishe hakuna mtu amekubananisha, toa mguu kabisa kwenye eksileta, usikanyage breki, acha gari ishuke yenyewe kutoka 80 mpaka 40 hivi, sekunde 10 na zaidi. Wakati huo injini inakatiwa petroli, hewa tupu inapita kwenye egzosti, na kompyuta inaangalia sensa ya nyuma inashuka haraka kiasi gani. Hiki ndo kipimo cha hiyo sensa uliyobadilisha. Panda tena taratibu mpaka 80, shuka tena. Fanya mara 3. Kama expressway ina magari mengi fanya hilo ukishatoka Mpala inakoishia, kwenye kipande kisicho na watu, nisije nikasikia umegongwa na kosta kwa ajili ya sensa. Na simu ashike mtu mwingine, wewe tazama barabara.

Rudi nyumbani, zima, angalia mashine. Kuna uwezekano mkubwa sensa ya oksijeni iko kompliti siku ya kwanza. Katalisti inaweza kuchukua safari 2 au 3. EVAP ndo mtoto mkaidi, ya mwisho siku zote, na kuna Toyota zinazoipima gari ikiwa imezimwa: masaa 5 baada ya kuzima kompyuta inaamka yenyewe, inawasha pampu ndogo kule nyuma karibu na tenki, inavuma dakika kadhaa na kulala tena. Kama tanki bado lina joto inasubiri masaa 7, au 9 na nusu. Kwa hiyo ukisikia gari inavuma usiku wa manane usitoke na panga. Na ndo sababu nyingine ya kuiacha ilale bila kuguswa.

Rudia hiyo safari Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Kila siku soma vipimo na soma pia kodi zinazongoja, zile ambazo bado hazijawasha taa. Hili ni la muhimu kuliko vyote. Kipimo cha katalisti kikifeli mara ya kwanza, taa haiwaki, kodi inakaa kwenye foleni, kikifeli safari ya pili ndo taa inawaka. Kwa hiyo ukiona "kompliti" kwenye katalisti usishangilie kabla hujaangalia hiyo foleni, manake kompliti maana yake imemaliza kupima, haimaanishi imepasi. Ukikuta P0420 inangoja, angalia volti za sensa ya nyuma gari ikiwa kwenye mwendo mmoja: katalisti nzima inaonyesha volti iliyotulia, 0.6 au 0.7 hivi, katalisti iliyokufa sensa inarukaruka kati ya 0.1 na 0.9. Lakini kagua kwanza kama egzosti inavuja kabla ya sensa, hewa ikiingia hapo inadanganya kila kitu, na baada ya mtu kufungua sensa juzijuzi huko chini mimi ningeanzia hapo.

Na tafadhali usifute tena. Ndo kosa ninaloliona kila wiki, mtu amemaliza vipimo 2, anaona kimoja kimekataa, anaona kodi, anafuta ili "aanze upya", na kweli anaanza upya, sifuri kilomita, yule fundi wa Jumamosi atasoma tena namba ileile. Kama ubovu umetengenezwa kweli taa inajizima yenyewe baada ya safari 3 nzuri mfululizo, na kodi inajifuta baada ya injini kupata moto mara 40. Wala usiruhusu mtu achomoe betri, si wa alamu, si wa redio. Betri yenyewe ikiwa dhaifu, ile ya kusukumwa asubuhi, inaweza kuangusha umeme wakati wa kuwasha mpaka kompyuta isahau, kwa hiyo ipime. Na Ijumaa usipeleke gari woshingibei wakakuoshea injini kwa presha eti ing'ae kwa mteja, maji yanaingia kwenye koili, silinda inakosa moto, na Jumamosi unakuwa na kodi mpya P0300 na injini inayong'aa.

Kuna watu watakuambia weka kile kibomba cha kuisogeza sensa ya nyuma mbali na moshi ili kompyuta ione katalisti ni nzima. Naijua hiyo, inafanya kazi wakati mwingine, mimi siiweki kwenye gari inayouzwa. Yule fundi wa mteja amekuja na mashine, ataingia na chini.

Huna mashine ya kukagua kila siku? Baadhi ya Toyota zina njia ya bure: fungua swichi mpaka ON bila kuwasha injini, taa ya injini itawaka, hesabu sekunde 20. Ikibaki imewaka tu, vipimo vimekamilika, ikianza kumetameta bado. Si gari zote, kwa hiyo ikiwa yako haifanyi hivyo usiseme nimekudanganya.

Jumamosi, hata kama EVAP imekataa, usifiche. Mpe sensa ya zamani mkononi, mpe risiti ya mpya, mwambie kodi ilikuwa P0136, ilibadilishwa siku fulani, tangu hapo gari imetembea kilomita 300, katalisti na sensa ziko kompliti na hakuna kinachongoja, mwache fundi wake asome mwenyewe. EVAP peke yake hata California ingepita. Mimi ningekuwa yule fundi ningemwambia mteja wangu alipe, ila ningekuomba wewe upunguze bei kidogo kwa ajili ya kifuniko cha tenki.

Niandikie ujumbe ukishasoma joto la maji Jumatatu, kabla hujanunua petroli.